Mechi Moja Tuliyoshinda

Toledo, Ohio
18 Septemba 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua kimeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Delphine anakusalimu sana. Mjukuu wako Renita ameanza darasa la kwanza, na siku ile aliyelia ni mama yake, si yeye. Mwambie Dada Odessa koti alilonishonea limefika na linanitosha mabegani, jambo ambalo maduka yote ya hapa yameshindwa.

Najua umeshasikia. Jumapili tumefungua msimu nyumbani kwetu, tukafungwa thelathini na moja kwa tatu. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika mpira wa Kimarekani wa kulipwa, wa tano nikiwa na hawa Wahunzi wa Toledo, na sijawahi kuona watu wanaondoka uwanjani mapema vile. Kazi yangu ni ileile uliyonifundisha: kusimama katikati, nyuma ya ukuta wa kwanza, na kumwangusha yeyote anayepita na mpira. Shida ni kwamba walipita wengi mno.

Tuna kocha mpya, Brandvold. Hapigi kelele. Anakutazama tu, kama daktari mwenye majibu yako mfukoni. Anasema tutakaa sawa. Nami nasema hivyohivyo.

Mwanao,
Lemuel


Helena, Arkansas
9 Oktoba 1973

Mwanangu Lemuel,

Marahaba. Mimi mzima, kifua ni kilekile cha mtu aliyemeza vumbi la kiwanda cha pamba miaka thelathini na moja. Odessa ananilisha kama ng'ombe anayepelekwa sokoni. Mchungaji Tolliver anakuombea kila Jumapili, ingawa juzi alikatisha mahubiri awahi mechi yenu, na naona alijuta.

Mechi nne, mmefungwa nne. Kwa Hosea kinyozi sasa wananiita Baba Sifuri. Nikiingia tu utasikia, "Mpisheni Baba Sifuri akae, wanawe wamechoka kukimbizwa." Nacheka nao, lakini nikitoka pale sicheki.

Nakwambia kama baba. Tulikuangalia kwenye televisheni ya Odessa. Yule mkimbiaji wao mwembamba alipopita kwako, ulimshika kama mtu anayemsaidia bibi kuvaa koti kanisani. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha? Lile gunia la pamba nililokutundikia nyuma ya nyumba, uliligonga mpaka likapasuka, na ulikuwa na miaka kumi na minne! Acha kubembeleza watu. Mpige mtu mpaka asahau alikuwa anakwenda wapi.

Tarehe nne Novemba mnacheza Memphis. Si mbali na hapa. Kanisa limekodi basi, tunakuja watu thelathini na wanne. Usituaibishe.

Baba yako,
Ezell Pettway


Toledo
23 Oktoba 1973

Baba,

Shikamoo. Tu wazima. Renita alikuwa na homa, imepita.

Tumefungwa ya sita. Wafanyakazi wa viwanda vya vioo wanakuja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, wametoboa macho tu, ili wasijulikane kuwa ni mashabiki wetu. Delphine alikwenda kununua kuku, mwenye duka akamwambia, "Mpelekee mumeo huyu, mama. Ameshakufa, labda huyu atamkamata." Amerudi nyumbani analia, na kuku hakumnunua.

Kocha kila Jumanne anatuonyesha filamu ya mechi. Ukionekana umemkosa mtu, anasimamisha filamu, anakuinua mbele ya wenzako, halafu chumba kizima kinakupigia makofi, polepole. Mimi wiki hii nimepigiwa mara nne. Nina miaka thelathini na moja, Baba, nina mtoto wa shule.

Barua yako nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu pale uwanjani. Wenzangu wanaisoma kabla ya kutoka. Ule mstari wa mtu kusahau alikokuwa anakwenda Kocha aliusoma kwa sauti, akaniuliza nani kaandika. Nikasema baba yangu. Akasema, "Laiti ningekuwa naye yeye."

Tiketi zenu zitakuwa getini.

Lemuel


Helena
6 Novemba 1973

Mwanangu,

Natumaini mlifika Toledo salama. Sisi tulifika, Mchungaji ameimba njia nzima mpaka sauti imemkauka.

Mmeshinda! Kumi na saba kwa kumi na nne, ugenini. Jana nimeingia kwa Hosea, wote wakasimama, akaninyoa bure. Hakuna tena Baba Sifuri.

Baada ya mechi nilikungoja kwenye geti la wachezaji na kopo la vitumbua alivyokupikia Odessa. Nilingoja mpaka mlinzi akazima taa na dereva wetu akaja kunishika mkono. Bila shaka mlitolewa mlango mwingine.

Kuhusu yule kijana wa Memphis aliyetolewa kwa machela, redio inasema bado anaangaliwa na madaktari. Ndiyo mpira ulivyo. Mwamuzi alikuwa hatua tatu kutoka pale na hakupuliza filimbi, kila mtu aliona.

Vitumbua tumevila wenyewe. Niandikie.

Baba yako


Helena
20 Novemba 1973

Lemuel,

Hamjambo? Wiki mbili sijapata hata mstari. Nimepiga simu mara tatu. Delphine anasema umelala. Mara moja ilikuwa saa sita mchana.

Hapa kuna baridi, na Odessa ana mafua. Nimeacha kwenda kwa Hosea kwa muda. Si kwamba wamesema neno. Siku hizi nikiingia wananyamaza, wanaanza kuzungumzia bei ya soya.

Gazeti la Jumapili limeweka picha ya yule kijana, ya shuleni, kavaa tai. Anaitwa Thaddeus Oglesby. Ana miaka ishirini na miwili, na huu ndio uliokuwa mwaka wake wa kwanza. Wanasema ni mfupa wa shingo, na madaktari hawatarajii atembee. Nakwambia mimi ili usisikie kwa mtu wa kando, ingawa nadhani unajua kuliko mimi.

Mwamuzi hakupuliza filimbi, Lemuel. Likumbuke hilo.

Baba yako


Toledo
27 Novemba 1973

Baba,

Shikamoo. Theluji imeanguka siku nne mfululizo. Renita ameng'oka jino la mbele, anapiga miluzi akizungumza. Delphine hajambo.

Tumefungwa nyingine tatu tangu Memphis. Jumla kumi. Huku hawavai tena ile mifuko, hawaji kabisa.

Wenzangu wamenipa mpira wa ule ushindi, wameuandika tarehe na jina langu kwa rangi nyeupe. Nimeuweka kwenye buti la gari, chini ya turubai, na gari naliacha nje. Tafadhali usiniandikie tena habari za mechi ile, wala za mwamuzi.

Jumatano mbili nimejikaza nikakupigia kwa Odessa. Mara zote anasema hupo, na sauti yake si ya mtu anayesema kweli. Unakwenda wapi Jumatano, Baba?

Lemuel


Helena
3 Desemba 1973

Mwanangu Lemuel,

Sote wazima. Jino la Renita limenichekesha, mwambie aliweke, babu atalinunua. Odessa amepaka jikoni rangi ya manjano inayoumiza macho.

Umeniuliza ninakokwenda. Nakwenda Memphis. Napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, narudi na la jioni. Nakwenda hospitali alikolazwa Thaddeus.

Mara ya kwanza nilikwenda ili nikuandikie kwamba anapata nafuu. Nilitaka nimwone anasogeza hata kidole kimoja, nikurudishie usingizi wako. Hasogezi. Kuanzia shingoni kushuka hana habari na mwili wake. Mama yake, Bi Arletha, ni mwanamke mfupi anayefua nguo hotelini. Aliniona nimesimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza mimi nani. Nikasema natoka kanisani. Akanipa kiti. Nilikaa pale saa nzima, mwongo mwenye mvi.

Mara ya pili nilimwambia. Nilisema, "Mama, mimi ndiye baba yake Lemuel Pettway." Alikuwa anamlisha uji. Hakumwaga hata tone. Alimaliza, akamfuta mdomo, akanitoa hadi kwenye korido.

"Amekutuma?"

"Hapana, mama. Hajui kama niko hapa."

"Basi umefuata nini?"

Nilikosa la kumjibu, nikamwambia jambo ambalo hata wewe nimekuficha. Ulipompiga yule kijana, Lemuel, mimi nilipanda juu ya benchi nikashangilia. Uwanja mzima ulinyamaza, watu wa kanisa letu walinyamaza, na mimi bado napaza sauti, "Huyo ni wangu! Huyo ni mwanangu!" mpaka Odessa akanivuta koti nikakaa. Nilikusubiri getini nione uso wako ukoje. Nilitaka uwe umefurahi, ili na mimi nisiwe nimekosea.

Bi Arletha akasema, "Nilikusikia. Nilikuwa safu ya tano, nanyanyuka nimkimbilie mwanangu, nikasikia mtu mmoja anashangilia. Nikajiuliza kama mtu huyo amewahi kuzaa."

Nilidhani atanifukuza. Alivaa koti lake, akasema amechelewa kazini, akanionyesha kikombe chenye mrija. "Akiomba maji, mshikie." Tangu siku ile kila Jumatano namshikia.

Kijana hasemi sana. Wiki iliyopita aliniuliza, "Mzee, mwanao mikono yake inafanya kazi?" Nikasema inafanya. "Basi anaweza kufungua mlango. Aje mwenyewe." Akafumba macho.

Ule mstari niliokuandikia Oktoba, kama bado umebandikwa, uchane. Niliuandika huku nacheka, Odessa ni shahidi.

Baba yako,
Ezell


Toledo
10 Desemba 1973

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ndani ya gari, kisha nikakaa humo mpaka vioo vikaganda.

Ule mstari niliuchana Jumatatu ileile tuliporudi kutoka Memphis. Haukusaidia kitu. Naujua kwa moyo.

Usijibebeshe lawama peke yako. Nitakwambia jambo ambalo Delphine hajui, Kocha hajui, na kwenye filamu halionekani kwa sababu kamera ilikuwa upande wa pili. Watu wote wananifariji kwa filimbi ya mwamuzi. Lakini mpira ulirushwa juu mno. Ulipita juu ya vidole vya Thaddeus ukaenda zake. Niliuona ukipita, Baba. Nilikuwa bado na hatua mbili. Kwa mtu wa kazi yangu hatua mbili ni nyingi, nimeshawahi kugeuza bega nikamkwepa mtu ndani ya moja. Yeye alikuwa bado amenyoosha mikono juu, kifua wazi, uso umegeukia kule mpira ulikokwenda. Kwake yeye mchezo ulikuwa umekwisha.

Nikawaza mechi saba. Nikawaza makofi ya Jumanne, na yule mwenye kuku. Kijana mwenyewe sikumuwaza hata kidogo. Nikaingia na helmeti yangu chini ya kidevu chake. Hakukuwa na kishindo kikubwa, ulikuwa mlio mdogo tu, kama ukikanyaga kijiti. Akaanguka bila kutanguliza mikono. Na mimi, kabla sijatazama chini, nilitazama majukwaani, upande mliokaa ninyi.

Kwa hiyo nilikuona umesimama juu ya benchi. Ndiyo maana nilimwomba mlinzi anitoe mlango wa nyuma.

Jana tumefungwa ya kumi na mbili. Jumapili ni mechi ya mwisho, ugenini. Memphis siwezi kuja. Nitafungua mlango, halafu? Wewe umeniambia mwenyewe kwamba uliulizwa umefuata nini, ukakosa jibu. Mimi nitasema nini, Baba?

Lemuel


Simu ya maandishi
Helena, 13 Desemba 1973

HAKUNA LA KUSEMA. NJOO HIVYOHIVYO. BABA


Memphis, Tennessee
17 Desemba 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika katika chumba cha kupanga, mtaa wa pili kutoka hospitali. Jumatano tutaonana, lakini haya nataka uyasome kwanza, kwa sababu sidhani nitaweza kuyatamka. Delphine nimemwambia yote kwa simu. Aliniuliza kama nimekula. Zaidi ya hapo sijui bado.

Ijumaa tulikuwa ndani ya basi la timu, tunakwenda uwanja wa ndege. Nilimwomba dereva asimamishe. Kocha Brandvold akageuka.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nakwenda Memphis."

Alielewa papo hapo. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Pettway, ulifanya kazi yako. Ukishuka hapa, usirudi kwangu." Hakuna aliyenipigia makofi, wala aliyeniaga. Nilishuka na begi langu kwenye theluji.

Jumamosi yote nilizunguka hospitali nje, sikuingia. Jana Jumapili, saa saba mchana, niliingia. Bi Arletha alikuwa mlangoni. Nimejiandaa kwa tusi, kwa kofi, kwa kilio. Alinipima kwa macho kutoka viatuni hadi kichwani, akasema tu, "Kumbe u mkubwa hivi." Akanipisha.

Wewe nadhani umezoea kile kitanda, mimi sikuwa nimejiandaa. Kijana amefungwa kati ya fremu mbili kama nyama ya kubanikwa, na kila baada ya saa chache wauguzi wanamgeuza. Nilimkuta amelazwa kifudifudi, uso umetokeza kwenye tundu, anatazama sakafu. Nilisimama karibu naye nikasema, "Mimi ni Lemuel Pettway."

"Naona viatu tu," akasema. "Nioneshe uso."

Nikachuchumaa, bado hanioni. Nikapiga magoti, hanioni. Basi, Baba, nikalala chali sakafuni, nikajisukuma kwa visigino mpaka chini ya kitanda, uso wangu ukawa chini ya uso wake, kama mkono mmoja hivi kutoka kwake. Ni mtoto, Baba. Ile picha ya gazetini ilimzidishia umri.

Alinitazama mpaka nikatamani atukane. Kisha akauliza, "Mpira uliuona umepita?"

Filimbi ya mwamuzi ilikuwa hapo kwenye ulimi wangu. Ningeweza kuisema.

"Niliuona."

"Ukaja tu."

"Nikaja tu."

Akafumba macho. Machozi yake hayakuwa na njia nyingine, yalinidondokea mimi, la kwanza shavuni, mengine mdomoni. Nilitaka kumfuta, nikaogopa kumgusa. Nikaacha yanidondokee. Bi Arletha alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo, nami nilikuwa naona visigino vyake tu.

Baada ya muda Thaddeus akasema, "Wenzako wanacheza saa hizi. Televisheni iko ukutani, mimi siioni. Nisimulie."

Nikageuza shingo. Baba, nilimsimulia ile mechi nimelala sakafuni, nikitazama televisheni kichwa chini. Mwanzoni nilijaribu kuwapendelea watu wetu, akanikatiza: "Usinidanganye. Nani kakosa kumwangusha?" Nikamwambia ni mtu aliyewekwa katika nafasi yangu. "Alisimama vipi?" Nikamweleza. "Miguu ilikuwa pamoja?" Nikasema ndiyo. "Mpumbavu," akasema. Anaujua mpira yule mtoto. Aliniambia pasi inakokwenda kabla haijarushwa, kwa kunisikiliza tu. Mara moja pua ikamwasha, hakuniomba, nikaona tu anakunja uso. Nikamuuliza. Akasita, akasema ndiyo. Nikanyoosha mkono nikamkuna.

Tumefungwa ishirini na saba kwa sita. Msimu umekwisha: tumefungwa kumi na tatu, tumeshinda moja. Mtangazaji aliitaja ile moja.

Wauguzi walikuja kumgeuza, wakanikuta chini ya kitanda, mmoja akapiga kelele. Nilijitoa, nikasimama, mgongo umekufa ganzi. Nikachukua kofia yangu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. Sasa alikuwa chali, anatazama dari.

"Pettway. Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

Mama yake akampanga mto. Kisha kijana akasema, bila kunigeuzia uso, maana hawezi, "Kesho saa nne asubuhi natazama sakafu tena. Njoo mapema, na ulete kitu cha kulalia. Tutaongea muda mrefu."

Leo nimenunua blanketi, nimekwenda. Kesho nakwenda tena.

Mwanao,
Lemuel